Mita zimeisha: mambo ya ndege ndogo na pisti za majani

Kila kisha miezi michache inazunguka video ileile kwenye simu. Ndege ndogo nyeupe imeingiza pua ndani ya matete, mkia uko juu, helisi (ile feni inayovuta ndege) imekunjamana kama kijiko cha aluminiamu, watoto wamejaa pembeni, na nyuma ya simu kuna mtu anapiga kelele "ndege imeanguka, ndege imeanguka". Dakika kumi hazijapita, hapa Bukavu kila mtu ako na maelezo yake: moteri ilizimika, piloti alikuwa amekunywa, ndege ni ya kizamani, kuna mtu alibeba dawa ndani ya mzigo. Na juu mimi nilipanda hizi ndege miaka mingi na bidhaa, mbele ya vita kufika Kavumu, kwenye kiwanja cha ndege cha Bukavu, mwezi wa 2 wa 2025, watu wananiuliza "we unajuaka mambo ya ndege, ni nini ilipita pale?" Mimi si piloti. Lakini nimekaa sana pembeni ya mapiloti na mafundi nikingojea mvua ipite, na mtu akingoja mvua masaa manne na piloti anafundishwa bila kuomba. Basi acha niandike mara moja, ukiulizwa utatuma hii.

Tuanze na maneno, juu fujo yote inaanzia pale. Pisti ya majani ni kiwanja kirefu cha udongo kilichoota majani, kimekatwa na panga au mashini, hakina lami, hakina taa, mara nyingi hakina hata mnara wa kuongea na piloti, kuna soksi ya upepo kwenye mti na mlinzi wa kufukuza mbuzi, basi. Kuanguka ni pale ndege inashindwa kubaki hewani. Ile ya kwenye video, mara nyingi haikuanguka. Ilitua, magurudumu yakagusa chini, piloti akapiga freni, na pisti ikaisha mbele ya ndege kusimama. Hiyo inaitwa kutoka pisti. Ndugu zake ni kutua kabla ya pisti, yaani kugusa mti au kichuguu wakati mita kidogo tu zimebaki, na kutua kwa kishindo, pale ndege inajipiga chini mpaka mguu wa mbele unavunjika. Tofauti si ya maneno tu. Ndege iliyoanguka inaweza kuua wote waliomo, lakini iliyotoka pisti ikiwa na kasi ya pikipiki watu wanashuka wanatetemeka, wanatafuta viatu.

Sasa kwa nini ndege zinaenda kule? Ukiuliza hivyo wewe haujapita barabara ya Shabunda. Wakati wa mvua lori inaweza kulala kwenye tope mpaka dereva anaoa kule (ni mzaha, lakini si mzaha sana). Chumvi, sabuni, dawa za hospitali, bia, mapile ya redio, vyote vinapanda ndege, na kurudi ndege inabeba kasiterite (madini ya bati) na watu. Pisti nyingi za Kivu na Maniema zilichongwa kwa ajili ya kampuni za madini na misheni, kwa ndege za wakati ule na mizigo ya wakati ule. Na pale hakukuwa na pisti watu walitumia kilichokuwepo: karibu na Walikale, pale Kilambo, wakati watu wanakimbilia kasiterite ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara kabisa, magari yanasimamishwa, ndege inashuka, inapakia, inaondoka, pikipiki zinaendelea na safari.

Ndege zenyewe unazijua kwa macho hata kama hujui majina. Kuna Cessna Caravan, moteri moja mbele, mabawa juu, magurudumu hayafichwi. Kuna L-410 ya kule Czech, moteri mbili, watu mpaka 19. Kuna Antonov za aina mbalimbali, mpaka ile An-2 ya mabawa mawili mawili ambayo iliruka mara ya kwanza 1947. Zote hizi zinajua majani, zimetengenezwa zitue fasi fupi na mbaya. Kwa hiyo mtu akisema "ndege haikufaa kutua pale", aangalie vizuri, mara nyingi ndege ilifaa kabisa, kilichokosekana ni mita.

Hizo mita njo mambo yenyewe. Chukua motari anashuka mteremko wa Kadutu, kavu, peke yake, akipiga freni anasimama. Sasa mpe mvua. Mpe mama na gunia la muhogo nyuma. Halafu mwambie asimame pale pale aliposimama jana. Hawezi, na pikipiki ni ileile, freni ni zilezile, motari ni yuleyule. Ndege ni hivyo hivyo, isipokuwa yenyewe inagusa chini ikiwa na kasi ya kilomita 110 au 120 kwa saa na zaidi, na haina namna ya kumwambia abiria "shuka, sukuma".

Kuna karatasi ya mamlaka ya anga ya Uingereza inayofundisha mapiloti wa ndege ndogo kuhesabu jambo hili, na hesabu yake ni rahisi, hata muuza nyanya anaiweza. Tuseme ndege yako, kwa vitabu vyake, inahitaji mita 500 kutua na kusimama kwenye lami kavu, bila upepo. Majani yaliyolowa maji, ongeza asilimia 35: umefika 675. Upepo unasukuma kutoka nyuma, si mkubwa, sehemu ya kumi tu ya kasi ya kutua, ongeza asilimia 20: 810. Pisti inateremka kidogo, mita 2 kwa kila mita 100, kitu ambacho kwa macho huwezi hata kukiona, ongeza asilimia 10: 891. Angalia vizuri, hizi asilimia hazipangwi pembeni pembeni, kila moja inapanda juu ya ile ya mbele, kama deni la mtu wa riba. Kama pisti yako ni ya mita 800, mita 91 za mwisho utazifanyia ndani ya matete, na moteri haijakohoa hata mara moja. Na karatasi ile haiishii pale, inasema ukishamaliza kuhesabu, ongeza tena asilimia 43 za usalama, juu wewe si yule piloti wa majaribio wa kiwanda na freni zako si mpya. Pale unafika karibu mita 1,270. Nani ako na pisti ya mita 1,270 kule porini?

Kitu kimoja kilinishangaza mimi mwenyewe. Nilifikiri majani marefu njo mabaya, na majani yaliyonyolewa vizuri njo salama. Kumbe kwa kusimama, majani mafupi sana, yaliyolowa maji, juu ya udongo mgumu, yanaweza kuwa mabaya zaidi ya yote, karatasi ileile inasema mpaka asilimia 60. Gurudumu halizami, halishiki, linateleza kama sabuni kwenye sahani. Majani marefu shida yake kubwa iko kwenye kuruka, yanavuta magurudumu, ndege haipati kasi. Kwa hiyo chifu akinyoa pisti jana kwa heshima ya mgeni na mvua ikanyesha usiku, mgeni anaweza kupita mbele ya watu wote waliopanga mstari kumpokea, aende akasimame kwenye mihogo.

Kasi nayo ina ujanja wake. Watu wanafikiri ukiongeza kasi kidogo unahitaji mita kidogo zaidi. Hapana, kasi inahesabiwa mara mbili, yaani inazidishwa na yenyewe. Ndege iliyopaswa kugusa chini na 110 ikagusa na 130, umeongeza kama asilimia 18 tu ya kasi, lakini mita za kusimama zinaongezeka karibu asilimia 40. Tena ndege yenye kasi ya ziada haitaki hata kugusa, inaelea juu ya majani, karibu na ardhi hewa inaibeba kwa urahisi zaidi, abiria mnasema "eh piloti huyu ni fundi, hatusikii hata kitu", na kumbe kila sekunde moja ya kuelea kwa kilomita 120 kwa saa ni mita 33 zimeenda. Sekunde tatu, mita 100. Yule anayewapiga chini kidogo, pah!, mwanzoni mwa pisti, ambaye mnamtukana, njo fundi.

Ongeza mwinuko. Wenye wamekaa kwenye Hauts Plateaux, ile milima mirefu ya Kivu Kusini, wanajua kule maharagwe hayaivi haraka, hewa ni nyepesi, maji yanachemka mbele ya kupata moto wa kutosha. Hewa ileile nyepesi njo inashika bawa. Saa ya ndani ya ndege inamwonyesha piloti kasi ya kawaida, lakini kwa ukweli, juu ya ardhi, ndege iko mbio zaidi, karibu asilimia 2 kwa kila mita 300 za mwinuko. Ukitoka bahari mpaka pisti ya Minembwe, ambayo iko juu ya mita 2,000, ni zaidi ya asilimia 13 ya kasi ambayo piloti haioni kwenye saa. Na unakumbuka kasi inahesabiwa mara mbili. Jua la mchana likiongeza joto, hewa inakuwa nyepesi zaidi. Njo maana mapiloti wa huko wanapenda asubuhi: hewa iko nzito, upepo bado umelala, na mvua ya saa nane haijafika. Shida ya asubuhi ni ukungu na umande, kila saa na shida yake.

Macho pia yanadanganya. Piloti amezoea pisti ya Kavumu au Goma, pana, ndefu. Ukimletea kijistari chembamba katikati ya msitu, jicho linamwambia "uko juu sana", anashuka, kumbe alikuwa sawa, sasa yuko chini anaelekea kwenye miti. Pisti inayopanda mlima nayo inadanganya vilevile. Ile inayoteremka inadanganya kinyume chake, anajiona yuko chini, anakuja juu, anagusa katikati ya pisti, na nusu ya mita zake zimebaki nyuma ambako hazimsaidii tena. Halafu kuna ukuta wa miti pale mwanzo wa pisti: upepo unaopita juu ya msitu unaanguka nyuma yake kama maji kwenye jiwe, na ndege ikifika pale inashushwa ghafla. Abiria tunaita "trou d'air", tunashika viti, tunataja jina la Yesu.

Sasa mzigo, na hapa tuseme ukweli, sisi wenyewe abiria tuna mkono.

Siku moja kwenye kupimwa kilo, mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa biashara, mtu wa heshima, ananunua na kuuza kule miaka yote. Kijana wa balansi akamwambia, "Mama, panda." Akapanda. Sindano ikaenda mpaka 96. Kijana akaangalia daftari, akamwangalia mama, mama mwembamba kabisa. "Mama, juzi ulikuwa na 68." Mama akajibu, "Mwanangu, nilikula." Watu wote wakacheka. Kufungua kikwembe cha kwanza, kuna kingine, ndani ya kile cha pili mapile yamepangwa kiunoni mstari kwa mstari kama mkanda wa risasi, na chini yake paketi za sindano za hospitali. Kijana alikuwa anaomba msamaha huku anatoa, "Mama usikasirike, mama, ni kazi." Mimi nilicheka na wengine, ila kwenye koti yangu kulikuwa na kilo 7 za misumari, na hakuna aliyenigusa.

Fanya hesabu: watu 9, kila mmoja ameficha kilo 20, ni 180. Caravan kubwa ikijaa kabisa ni karibu tani 4, kwa hiyo hiyo ni kama asilimia 5 ambayo piloti hana habari nayo, na uzito ukiongezeka asilimia 5 mita za kutua nazo zinaongezeka hivyo hivyo. Peke yake haiui mtu. Lakini inapanda juu ya majani yaliyolowa, juu ya upepo wa nyuma, juu ya mteremko. Tena uzito si kilo tu, ni fasi ulipokaa. Ndege ni kama mizani ya kijiti, inashikwa katikati, ukijaza nyuma pua inapanda na piloti anashindwa kuishusha. Tarehe 25 Agosti 2010, kule Bandundu, ndege ya L-410 ilianguka ikikaribia kutua, watu 20 wakafa na mmoja akapona. Kwa maelezo ya yule aliyepona, abiria mmoja alikuwa na mamba ndani ya mfuko, mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza usawa. Watu wanaisimulia kama kichekesho cha mamba, mimi nasikia sehemu ya watu kukimbilia mbele. Kwa hiyo mhudumu akikwambia hama kiti, mzee, hama, hakudharau.

Mashimo na mbuzi sitakawia. Gurudumu la mbele ni dogo, likiingia kwenye shimo la panya au mfereji uliochimbwa na mvua, mguu unakunjika na helisi inachimba shamba. Pale piloti anapita chini juu ya pisti bila kutua, kisha anazunguka, abiria wanasema "anatutembeza" au "amepotea", ukweli ni kwamba anafukuza mbuzi, anatafuta maji yanayong'aa kwenye majani, anaangalia soksi ya upepo imelala upande gani. Akizunguka mara mbili, mshukuru.

Basi hadithi ya moteri. Moteri inaweza kuzimika, ndiyo, imeshatokea. Lakini helisi iliyokunjamana, ambayo watu wanaonyesha kama ushahidi, mara nyingi inasema kinyume: mabawa yote ya helisi yakijikunja vile ni kwamba yalikuwa bado yanazunguka kwa nguvu yalipogusa chini. Iliyozimika na kusimama, bawa lililogusa chini njo linakunjwa, na mengine yanabaki yamenyooka. Na ule mlio mkubwa kisha ndege kugusa chini, ambao kila mtu anasimulia "tulisikia moteri inapasuka", ni piloti amegeuza helisi isukume hewa mbele ili kusaidia freni. Ni mlio wa kawaida, unasikika kila safari, tofauti ni kwamba safari zingine hukuwa unasikiliza.

Mambo ya dawa na uchawi sitabishana na mtu, nitasema tu uchawi wenyewe unapenda sana miezi ya mvua.

Na "ndege za Kongo zote ni mbovu, hata Ulaya wamezikataza"? Ni kweli kampuni zote zenye cheti cha Kongo ziko kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya tangu 2006. Lakini orodha ile inahusu zaidi mkono wa serikali unaopaswa kukagua, kwamba Ulaya hawauamini, haisemi kwamba mtu alipita na kuipima kila Caravan. Ndege nzima kabisa inaishia matete, na ndege ya zamani iliyotunzwa inatua miaka arobaini. Nchi ina ofisi yake ya kuchunguza ajali za ndege, inaitwa BPEA, na mchunguzi akitumwa porini kuna shida moja ndogo: njia ya kufika ni ileile pisti, na katikati ya pisti kumelala ndege anayokuja kuichunguza.

Kama umo ndani na ndege imetoka pisti, kaa na mkanda mpaka isimame kabisa, kisha toka uelekee mkia. Usipite mbele, helisi inaweza kuwa bado inazunguka na ikizunguka haionekani. Simu na mzigo uviache, ukisimama mlangoni kuvuta gunia lako nyuma yako kuna watu nane.

Imebaki ile ya mwisho, na njo watu wanaikosea zaidi: "akiona vibaya si apandishe tu arudi juu". Kwenye pisti nyingi, ndiyo, na anapaswa kufanya hivyo bila aibu. Lakini ziko pisti za upande mmoja, zimelala kwenye mteremko wa mlima, unatua ukipanda na unaruka ukishuka. Ile kupanda inasaidia freni, nzuri sana, ila mbele yako kuna mlima, na mlima unapanda kwa haraka kuliko ndege. Kwa hiyo kuna fasi hewani, mbele hata ya kufika pisti, ambayo ukiipita umeshaolewa, utatua tu, vyovyote itakavyokuwa. Uamuzi unafanywa pale, piloti ako na sekunde chache, na nyuma yake abiria wako na samaki wanaooza na mkutano wa saa tano.

Mwezi wa 11 mwaka fulani tulifika juu ya pisti moja ya Maniema kisha mvua kubwa. Tukazunguka mara ya kwanza, tukazunguka mara ya pili, chini kunang'aa kama kioo, halafu pua ikageuka na tukaona jua limehamia dirisha la upande mwingine. Tunarudi. Kelele ikaanza. Papa mmoja mbele yangu, mwenye mzigo wa bia, akasema kwa sauti piloti asikie, "Huyu ni mwoga, yule wa zamani angetua." Wengi wakaitikia, na mimi nikaitikia, nilikuwa na wateja wanangoja.

Tulirudi kesho yake asubuhi, kavu, tukatua. Nikashusha misumari yangu. Pembeni ya pisti, upande wa chini, kuna ndege bila mabawa, rangi imetoka, mlango hakuna, ya yule piloti wa zamani. Kuku wanatagia ndani, kwenye kiti cha mbele.